Jinsi ya kuchunguza nyani: tabia na homoni kwa pamoja

Watu wakisikia kuchunguza tabia za wanyama wanajua ni kukaa chini ya mti na darubini unaandika chochote kinachokuvutia, hapo ndo data inaharibika, maana jicho linafuata fujo: wakipigana unaandika, wakila huandiki, mwishowe daftari linasema nyani ni wagomvi kumbe muda mwingi wako bize na majani.

Dawa yake iliandikwa na mtafiti Jeanne Altmann mwaka 1974, yeye na mumewe Stuart ndo walianzisha utafiti wa nyani wa Amboseli kule Kenya mwaka 1971 na hadi leo unaendelea. Panga orodha ya majina ya nyani kabla hujatoka kambini. Mtafute wa kwanza, weka taima dakika 10, mkomalie huyo huyo hata kama pembeni kumewaka, na kila dakika andika: anakula, anatembea, kapumzika, anachambuliwa manyoya. Zikiisha, nenda kwa anayefuata kwenye orodha. Inaboa, sikudanganyi.

Halafu andika unachokiona, mambo ya moyoni mwake achana nayo. "Kakasirika" futa, weka "kainua nyusi mpaka kope nyeupe zikaonekana, mwenzake kakimbia". Cheo nacho utakipata kwenye vitu vidogo hivyo hivyo, huyu akija yule ananyanyuka anampisha. Majike wanarithi cheo cha mama, madume wanakipigania.

Sasa homoni, yaani kemikali za mwilini zinazoonyesha kama ana stresi. Ukimkamata umtoe damu, stresi ya kukamatwa yenyewe inaingia kwenye majibu, kwa hiyo tunaokota kinyesi. Hakikisha umemwona kwa macho yako akijisaidia, ukiwa na wasiwasi ni cha nani acha. Vaa glavu, kikoroge vizuri kwa kijiti sababu homoni hazijakaa sawasawa humo ndani, tia kidogo kwenye kichupa chenye ethanoli (alkoholi), andika jina, tarehe na saa. Wengi wanaangukia hapa: wanaona ugomvi asubuhi, wanaokota kinyesi mchana, wanaunganisha. Hapana! Homoni ya kwenye kinyesi inakuja imechelewa, unachookota leo kinaongelea zaidi mambo ya jana, kwa hiyo rudi kwenye daftari la jana.

Na usikimbilie majibu. Watafiti wa Amboseli walipolinganisha cheo na homoni za stresi, kazi ikatoka 2011, dume namba moja alikuwa na stresi kuliko namba mbili wake, wakati ukitazama tabia tu ungesema bosi anakula bata.

Kibali ni lazima, Kenya unaanzia NACOSTI, Tanzania COSTECH, ndo tume za serikali za sayansi. Ukiwa unasubiria fanya mazoezi na kuku wa nyumbani, nao wana vyeo, wa juu anamdonoa wa chini, wafunge tu vitambaa vya rangi miguuni usije ukawachanganya.