Kupima jeni za mtoto aliye tumboni: anzeni na damu yenu wenyewe

Hapa Mombasa ukimtajia mtu kipimo cha jeni cha mtoto aliye tumboni anawaza ile sindano ndefu tu, kumbe pa kuanzia ni pepesi, damu yako na ya mumeo, na ikiwezekana kabla hata hamjashika mimba. Sisi wa Pwani sikoseli tunayo kwenye koo zetu, na wengine tumeoana watoto wa ami, kwa hivo msingoje.

Mkienda labu msikubali ile ya sikling peke yake, hiyo inaonyesha tu kama seli zinajipinda, haitofautishi AS (amebeba jeni moja tu la sikoseli, mwenyewe haumwi) na SS (amerithi mawili, ndo mgonjwa). Ombeni elektroforesisi ya himoglobini, hiyo ndo inatenganisha aina za himoglobini kwenye damu. Mmoja akiwa AA (hana jeni hilo) na mwenzake AS, hamuwezi kuzaa SS. Wote wawili mkitoka AS, kila mimba, nasema KILA mimba, ina asilimia 25 ya kutoa SS, 50 AS na 25 AA. Na msidanganywe eti wa kwanza keshaumwa basi wanaofuata wamenusurika, hesabu inaanza upya kila mara.

Ukishashika mimba hesabu wiki zako kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, manake hivi vipimo vyote vinaenda na wiki, ukichelewa ndo basi. Kuanzia wiki ya 10 kuna NIPT, unatolewa damu mkononi tu na wanatafuta vipande vya DNA vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Wiki ya 11 mpaka 13 kuna skani ya kupima maji nyuma ya shingo ya mtoto. Hivi viwili vinaangalia zaidi Down sindromu na matatizo mengine ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni. NIPT ya kawaida haikwambii sikoseli! Uliza kabla hujalipa, maana si bei rahisi, na uliza pia sampuli inapelekwa wapi na majibu yanarudi lini.

Sasa karatasi ya majibu. Ukiona imeandikwa "high risk 1:150" usianze kulia kwenye matatu, maana yake mimba 150 kama yako, 149 hazina hilo tatizo. Huo ni uchujaji, si hukumu. Anayetaka uhakika, wa kromosomu ama wa sikoseli, ndo anaenda kwa sindano: kuchukua kipande cha kondo wiki ya 11 hadi 14, ama maji ya chupa ya uzazi, yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, dakta akifuata sindano kwa skani. Mimba inaweza kutoka, ingawa kwa dakta mzoefu haifiki moja katika mia. Kama grupu yako ya damu ni negativu mkumbushe mapema, utahitaji anti-D, sindano ya kuzuia mwili wako usitengeneze kinga ya kushambulia damu ya mtoto. Na uamuzi ni wako na mumeo, mavyaa asikutie presha, ya kwenda ama ya kutokwenda.

Mwengine atasema, sasa nikijua itanisaidia nini? Watoto wa Down wengi wana shida ya moyo, kwa hivo unaombewa skani ya moyo akiwa bado tumboni na unapanga kuzalia hospitali yenye wadi ya watoto wachanga, si popote uchungu utakapokukuta. Wa SS anapimwa tena akizaliwa, anaanzishwa penisilini akiwa na miezi miwili mitatu, anaendelea nayo mpaka miaka 5, na chandarua kila usiku. Hayo majibu yaandikwe kwenye kijitabu chako cha kliniki, maana nesi wa zamu ya usiku hatokujua.