Mpe mchezaji sekunde 0.1 akishatoka ukingoni
Kama unatengeneza gemu ya kurukaruka kwenye Godot (programu ya kutengenezea gemu) na wanaokujaribia wanasema kitufe cha kuruka hakishiki wakitoka ukingoni, usikimbilie kuongeza nguvu ya kuruka, weka taima ndogo: is_on_floor() (inayokuambia kama mhusika amekanyaga sakafu) ikiwa kweli ijaze sekunde 0.1, mhusika akiwa hewani ipunguze kwa delta (muda uliopita tangu fremu iliyotangulia), halafu ruhusu kuruka muda wote ikiwa juu ya sifuri. Inasaidia sana sababu kidole huwa kinachelewa nyuma ya jicho, na kwa fremu 60 kwa sekunde hizo ni fremu 6 tu, hakuna anayeziona. Ila akisharuka irudishe sifuri hapohapo, la sivyo akibonyeza harakaharaka anaruka tena akiwa hewani, hiyo imenila usiku mzima. Ukiipeleka mpaka 0.3 anaonekana kabisa anatembea juu ya hewa