Somo: Mtoto anachelewa kukaa, kutembea au kusema, tumpeleke lini?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto huku Ilemela. Maneno yanayoniuma kuliko yote ni haya: "Tuliambiwa ataanza tu." Mtoto analetwa ana miaka mitatu, hasemi neno, na hakuna aliyewahi kumpima masikio.

Hatua ya 1. Hesabu umri vizuri. Kama ni njiti, toa muda aliowahi kuzaliwa. Aliyewahi miezi 2, akifikisha miezi 8 mtazame kama wa miezi 6. Endelea hivyo hadi atimize miaka 2.

Hatua ya 2. Mwangalie nyumbani, akiwa ameshiba na hana homa. Wasiwasi uanze ikiwa miezi 3 imefika hatabasamu ukimchekea, miezi 4 shingo bado haijakaza, miezi 9 hakai mwenyewe, mwaka 1 haitikii jina lake, au miezi 18 hatembei. Akitimiza miaka 2 awe anaunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Anayesikia Kisukuma kwa bibi na Kiswahili kwa mama, hesabu maneno ya lugha zote mbili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Tazama na mikono. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia yote miwili. Akishika kila kitu kwa mmoja, wa pili umekunja ngumi muda wote, msiseme "huyu wa mashoto". Mleteni.

Hatua ya 3. Masikio. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mlango ukibamizwa, hata asiyesikia hugeuka, kwa sababu ameuhisi mtikisiko. Kaa nyuma yake asikuone, chumba kiwe kimya, mwite kwa sauti ya chini au tikisa funguo taratibu. Fanya hivyo kila upande, siku mbili tatu tofauti. Asipogeuka, au akigeuka lakini bado moyo wako hautulii, omba kipimo. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linahitaji tiba, maana linaweza kuharibu usikivu.

Hatua ya 4. Sema. Kliniki zetu zina foleni. Mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, mnaondoka. Usiondoke. Sema wazi, "Nina wasiwasi, mwanangu hafanyi kitu fulani," na uonyeshe video uliyomrekodi kwa simu. Omba rufaa, kwa hapa Mwanza, hospitali kubwa za rufaa ni Sekou Toure na Bugando.

Siku ya kliniki isingojewe ikiwa mtoto amepoteza alichokuwa anakiweza, ana degedege, au kichwa kinakua haraka. Mwenye seli mundu akilegea ghafla upande mmoja, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

MASWALI

Mama, Igombe: Wangu ana mwaka na miezi 8, hasimami. Mama mkwe anataka tumfukie hadi kiunoni kwenye mchanga wa ziwani, miguu ipate nguvu.

Jibu: Mama mkwe anampenda mjukuu wake, mweleze kwa heshima. Mchanga hautibu mtindio wa ubongo wala matege, na maji ya ufukweni yana kichocho. Mpeleke wiki hii. Akionekana ana tatizo la misuli, mtaalamu wa fiziotherapia atakufundisha mazoezi ya kumfanyisha nyumbani.

Baba, Nansio (kisiwani Ukerewe): Wa kiume, miaka 2 na nusu, haongei. Wanasema tukate kimeo, kile kinyama cha kooni.

Jibu: Kaka, tafadhali msikate. Kimeo hakizuii mtoto kuongea, na kukikata huleta damu nyingi na maambukizi. Wavulana huchelewa kidogo tu, si kiasi hicho. Vuka naye, mkaanze na masikio. Njiani jiulize: anakutazama usoni? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Kama hapana, mwambie daktari, ili amwangalie pia kwa usonji, hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na watu.

Mama, Buhongwa: Uchungu wangu ulichukua muda mrefu, mtoto hakulia alipozaliwa. Majirani wanasema nina mkosi.

Jibu: Huna mkosi, mama, wala hukukosa lolote. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anatakiwa afuatiliwe mapema, hata akionekana mzima. Ana miezi mingapi sasa? Ukimlaza kifudifudi ananyanyua kichwa?