Kupanda ndege na mtoto mwenye aleji ya maziwa

Jamani wazazi wenzangu wa Mbeya, kama unapandia ndege pale Songwe kwenda Dar na mtoto mwenye aleji ya maziwa usitegemee kabisa vya kugawiwa ndani, biskuti nyingi zina maziwa ya unga au siagi, wangu alilamba kipande tu midomo ikavimba. Beba chakula chako, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, parachichi la Rungwe (hilo mwanangu halikatai). Dawa zake, na sindano ya adrenalini (ile ya dharura aleji ikiwa kali) kama daktari kamwandikia, zikae kwenye mkoba wa mkononi sio begi linaloenda chini. Ukikaa tu futa kimeza na kiti kwa waipsi, mwambie na mhudumu. Akianza kupumua kwa shida au kulegea usisubiri, mchome hiyo sindano palepale, paja kwa nje, afu ita mhudumu.