Ndege mgeni kwenye mgrevilea: jinsi ya kumthibitisha kabla hajaondoka

Kuanzia Oktoba bustani za Arusha na vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Moshi hupokea ndege wadogo waliotoka Ulaya na Asia. Wengi ni wageni wa kila mwaka na hukaa hadi Machi au Aprili. Adimu ni yule ambaye njia yake haikupaswa kumfikisha hapa. Mara nyingi ni ndege aliyeanguliwa mwaka uleule, anasafiri usiku kwa mara ya kwanza akifuata uelekeo aliorithi. Uelekeo ukiwa na kasoro, au upepo ukimsukuma kando, anatua mahali ambapo wenzake hawafiki. Anaweza kukaa wiki nzima, anaweza kuondoka jioni ileile.

Ukimwona, usifungue kitabu kwanza. Hapo ndipo kumbukumbu nyingi nzuri zinapoharibikia: ukishaitazama picha ya kitabuni, macho yanaanza kukumbuka picha hiyo badala ya ndege. Toa daftari, andika saa, umbali kwa mita, jua lilikuwa upande gani, kisha eleza kuanzia mdomoni hadi mkiani: rangi ya mdomo, mstari juu ya jicho, koo, kidari, tumbo, ubawa, kiuno, mkia, miguu. Usichokiona andika "sikuona". Neno hilo linampa mhakiki, yaani atakayeikagua kumbukumbu yako, imani kuliko maelezo yaliyokamilika mno. Chora pia, hata kama mchoro wako ni yai lenye miguu. Mshale unaoonyesha weupe ulipoishia una thamani kubwa.

Tuchukue mfano wa ndege wawili wanaochanganywa sana. Phylloscopus trochilus, kijani-kahawia mwenye umanjano hafifu, ni wa kawaida kabisa huku msimu wa vuli na kiangazi. Ndugu yake, Phylloscopus collybita, kwa desturi huishia kaskazini zaidi, kuzunguka Mediterania, Saheli na nyanda za juu za Ethiopia. Ukidhani umempata collybita kwenye kahawa za Tengeru, anza kwa kujaribu kujipinga.

Miguu: ya collybita ni myeusi, ya trochilus kwa kawaida ni ya rangi ya udongo mwekundu uliofifia. Lakini wapo trochilus wa kutoka Siberia, wa kijivu, wasio na umanjano mwingi, na miguu yao huweza kuwa myeusi-myeusi. Kwa hiyo miguu peke yake haitoshi. Mkia: collybita huushusha chini mara kwa mara anapotafuta wadudu, karibu bila kupumzika, trochilus huufanya hivyo mara mojamoja tu. Sauti: trochilus hutoa "hu-iit" yenye silabi mbili, collybita "hwit" moja.

Ubawa ndio ushahidi mzito. Ukiwa umekunjwa, manyoya marefu huchomoza nyuma ya yale mafupi yanayoyafunika. Kwa trochilus sehemu iliyochomoza ni robo tatu ya urefu wa hayo mafupi, au zaidi. Kwa collybita ni kama nusu. Ukipata picha kali ya ubavuni, hesabu manyoya marefu yenye ukingo wa nje uliobonyea kuelekea ncha: matatu kwa trochilus, manne kwa collybita. Hapa kuna mtego. Trochilus hubadili manyoya yote mara mbili kwa mwaka, mara moja akiwa Afrika. Kati ya Desemba na Februari unaweza kumkuta na manyoya yaliyofika nusu, ubawa ukaonekana mfupi. Tafuta pengo kwenye ubawa kabla ya kushangilia. Na kwenye misitu ya Meru na Kilimanjaro yupo mwenyeji, Phylloscopus umbrovirens, mwenye uso wa kahawia na kingo za kijani ubawani, hakikisha si yeye.

Picha piga kuanzia saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Mchana jua la huku husimama utosini na tumbo la ndege linakuwa kivuli. Chini ya migomba, mwanga unaopita kwenye majani hupaka weupe wote umanjano, kwa hiyo subiri atoke kwenye tawi la wazi upate angalau picha moja ya rangi halisi. Hakikisha saa ya kamera ni sahihi.

Sauti irekodi kwa simu hata kama iko mbali: simama tuli, acha dakika moja ipite, mwishoni taja tarehe na mahali. Usimchezee sauti ya ndege mwenzake ili aje. Ni kiumbe wa gramu 8 au 9 aliyekonda kwa safari, na kila dakika anayokujibu ni dakika asiyokula.

Kama yuko ndani ya kihamba cha mtu, piga hodi. Mwamkie mzee, eleza unachofuata, mpe darubini atazame na yeye. Mwulize kama anaridhia watu wengine waje. Akikataa, usitangaze mahali.

Ukifika nyumbani, hifadhi faili asilia. Picha ikipita WhatsApp kama picha hubanwa na kupoteza taarifa zake. Itume kama dokumenti. Andika koordinati zenye tarakimu nne baada ya nukta, zinazomfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi, pamoja na mwinuko. "Karibu na Usa River" haisaidii. Kisha ingiza kumbukumbu kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, na upeleke maelezo kwa kamati ya Afrika Mashariki inayohakiki ndege adimu: daftari lililopigwa picha kama lilivyo, picha zote hata zilizofifia, na aya moja inayoeleza ni ndege gani wengine uliowafikiria na nini kilikufanya uwaache.