Ndugu yako akiingia kanisa linalokataza hospitali na shule, fanya hivi

Jameni, kila mtu akiuliza swali kuhusu kanisa fulani anaambiwa usiguse imani ya mtu, na ni kweli, Katiba ya Kenya ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, lakini ibara ya 24 inaruhusu sheria iwekee haki mipaka, na ya 53 inasema mtoto ana haki ya chakula, elimu, matibabu na ulinzi. Mtu mzima akifunga siku tatu ni hiari yake. Mtoto wa miaka minne hajafunga, amenyimwa chakula.

Shakahola hatujaisahau. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka wafe ilifukuliwa kule msituni Kilifi kuanzia Aprili 2023, watoto wengi wakiwemo, na ndio maana naomba usingoje.

Kwanza, shika matendo, achana na mafundisho. Ukienda polisi useme "pasta anahubiri uongo" utarudishwa nyumbani. Sema watoto wa fulani, umri huu, wametolewa shule tangu mwezi fulani, mmoja ana homa wiki ya pili na wazazi wamekataa hospitali, wanakaa mahali fulani. Andika kila kitu na tarehe, na usifute meseji. Mtu akianza kuuza shamba, kuchoma vyeti na kuzima simu ili ahamie mahali hataki mjue, hapo mambo yameharibika, ripoti leo.

Kama kuna mtoto piga 116, ni bure, au nenda kwa afisa wa watoto. Chifu pia mwambie. Kituoni usitoke kabla hujaona maneno yako yameandikwa kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi) na umepewa namba, maana bila namba ya OB kesho watasema hukuwahi kufika. Wakikataa kuandika muulizie OCS, yaani mkuu wa kituo, akikataa na yeye peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.

Kwa mtu mzima ni ngumu zaidi, huwezi kumfunga kamba umrudishe nyumbani. Lakini kumshawishi mtu ajiue ni kosa la jinai hata kama amekubali mwenyewe, na ukisikia anaambiwa afunge mpaka afe akutane na Yesu, hiyo peleka polisi vilevile.

Na tafadhali usimtukanie imani yake wala usimkatie simu. Mpigie hata kama hashiki, muulize tu amekula nini leo na watoto wako wapi.