Kabla ya KCSE ya Kiingereza: Mambo ya Kuzingatia

Kiingereza cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kina karatasi tatu, lakini watahiniwa wengi hapa Nairobi hujiandaa kana kwamba ni moja. Ya kwanza ina alama 60: uandishi wa kiuamilifu, kujaza mapengo na stadi za kuzungumza. Ya pili ina 80: ufahamu, dondoo la kitabu teule (kitabu cha fasihi kilichoteuliwa kusomwa kwa mtihani), shairi au simulizi, na sarufi. Ya tatu ina 60, insha tatu za alama 20 kila moja. Bandika mgao huu ukutani kabla hujanunua hata kijitabu kimoja cha marudio pale River Road. Sehemu ya sarufi ni alama 15 katika 200, ilhali insha mbili za vitabu teule ni 40. Anayemaliza likizo nzima ya Agosti akikariri vivumishi na vielezi hajafanya hesabu hiyo.

Istilahi za fasihi zisikutishe. Kama ulimsikiliza mwalimu wako wa Fasihi, basi tashbihi, sitiari, tashihisi, kinaya, taharuki na mbinu rejeshi unazijua. Kilichobaki ni kushika majina yake kwa Kiingereza na kuyaandika bila kukosea herufi. Ukurasa mmoja unatosha. Kazi iko kwenye kujibu. Swali hutaka utaje mbinu, uionyeshe kwa maneno ya dondoo lenyewe, kisha ueleze imefanya nini hapo. Jizoeze hivi: fungua tamthilia popote, tafuta kinaya, andika sentensi mbili. Mhusika alitarajia nini, na limetokea lipi? Ukishindwa na hizo mbili, hicho unachokiita kinaya huenda ni bahati mbaya tu. Na tafadhali, usiseme mbinu “imefanya hadithi ivutie”. Jibu hilo unaweza kulibandika kwa mbinu yoyote, na mtahini analijua.

Dondoo nalo hupenda kuuliza kilichotokea kabla tu ya mazungumzo hayo, au baada yake. Kwa hiyo andika mtiririko wa matukio, onyesho kwa onyesho, kwa mkono wako. Muhtasari wa kununua hausaidii sana hapa, kwa sababu kinachokaa kichwani ni ulichokipanga mwenyewe.

Insha ya kitabu teule ndiyo yenye faida kubwa kwa anayejua inavyosahihishwa. Mgao uliozoeleka ni utangulizi 2, hoja nne za alama tatu tatu, lugha 4, hitimisho 2. Kusimulia kitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna mahali katika mgao huo. Hoja ni dai, tukio linalolithibitisha, na sentensi inayolirudisha kwenye swali. Ikikosa hiyo ya tatu, inabaki kuwa hadithi. Kila insha isizidi maneno 450. Katika swali la hiari, ambapo unachagua kitabu, jibu kitabu kimoja tu.

Insha ya kubuni mara nyingi hukupa sentensi ya kuanzia au ya kumalizia. Ikiwa ni ya kumalizia, ndiyo iwe ya mwisho kabisa, usiongeze neno. Hadithi yako inaweza kupita Gikomba au ndani ya matatu ya Rongai bila shida yoyote. Sheng, kwa maoni yangu, ibaki mdomoni mwa mhusika, tena kidogo.

Karatasi hii ya tatu ni saa mbili na nusu, yaani dakika 50 kwa insha, kupanga na kusoma upya zikiwemo. Fanya mazoezi kwa kalamu huku saa ikienda. Simu hukusahihishia tahajia kimyakimya.

Kwenye sarufi, rudia kuandika upya sentensi bila kubadilisha maana: “no sooner” huandamana na “than”, “hardly” na “when”. Halafu pitia insha zako za zamani ukitafuta makosa yetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Lugha yetu humwita mwanamume na mwanamke “yeye”, basi “he” na “she” hubadilishana katikati ya aya. “A” na “the” nazo hupotea.

Karatasi ya kwanza isomee kwa sauti: herufi zisizotamkwa, kama “b” ya “debt”, na vina vya shairi. Muundo wa baruapepe, kumbukumbu za mkutano na ripoti ni wa kukariri tu.

Kama nyumbani kuna kelele, kuna Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Ulizia kwanza saa za kufunguliwa. Nenda na mwenzako mbadilishane insha. Yeye apige mstari chini ya kila tukio ulilolitaja, na akikuta aya isiyo na mstari, uiandike upya mkiwa hapo hapo.